Thamani iandikwe kabla hujatoka kaunta: maswali yenu kuhusu kutuma vitu vya bei

Wiki hizi mbili meseji zenu karibu zote ni za mizigo. Mtu katuma kitu cha milioni, kimepotea au kimefika vipande, alafu akienda kudai anapewa hela ya nauli ya daladala. Kabla sijaanza kuandika safu hii nilifanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya kufunga na kutuma mizigo hapa Arusha, karibu na Mnara wa Saa, na kilio hiki nimekisikia kaunta mara nyingi sana na kila mara kinaniuma, kwasababu mara nyingi ingetosha sentensi moja kuandikwa kwenye fomu na mtu asingelia. Kwahiyo leo nawajibu nyie wa mizigo peke yenu, wengine naomba mnivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo anti. Mimi ni sonara, natengeneza pete na hereni za tanzanite, wateja wangu wengi ni wa nje wananipata Instagram. Nilimtumia mteja wa Marekani pete ya dola 1,400 kwa kampuni ya vifurushi. Nilimuuliza kijana wa kaunta "ina bima?" akanijibu "ndiyo ipo", nikalipa nikaenda zangu. Pete haijafika mpaka leo. Wamekubali kwamba imepotea mikononi mwao lakini wamenilipa dola 11. Kumi na moja! Nina picha, nina risiti, nina meseji za mteja. Hii ni haki kweli? — Sonara, Arusha mjini

Marahaba mwanangu, na pole sana, najua pete moja kama hiyo ina siku ngapi za kukaa umeinama mezani.

Hiyo dola 11 hawajaitoa kichwani. Mzigo unaoenda kwa ndege kutoka nchi moja kwenda nyingine unaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na Tanzania tumo, Marekani wamo. Mkataba ule unasema msafirishaji akipoteza mzigo anawajibika kwa KILO, haijalishi ndani kuna nini, isipokuwa kama mwenye mzigo ametangaza thamani yake na kulipia nyongeza. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo ni SDR 26 kwa kilo, na hiyo SDR ni kipimo cha fedha cha IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), moja ni zaidi kidogo ya dola moja na senti thelathini. Sasa chukua boksi lako la pete, na sponji na karatasi zake litakuwa na gramu 300 hivi, zidisha, unapata SDR 7.8, ndiyo hiyo dola kumi au kumi na moja. Mwenye kusafirisha gunia la mchele kwa ndege anaweza asione tatizo, ila kwa vito ni msiba, maana kitu kinavyokuwa kidogo na cha bei ndivyo hesabu ya kilo inavyokuumiza.

Na lile neno "bima" ndilo limekuponza. Pale kaunta watu wanalitumia kwa vitu vitatu ambavyo havifanani kabisa. Kuna hiyo dhima ya msafirishaji niliyoeleza, ipo hata usipolipa chochote, ndiyo maana kijana alikwambia "ipo" na kwa namna yake hakudanganya. Kuna kutangaza thamani, yaani unajaza kwenye fomu kwamba mzigo huu ni wa dola kadhaa na unalipa nyongeza, hapo ule ukomo unapanda kufikia hiyo thamani, lakini bado siyo bima, bado itabidi uthibitishe hasara yako na wao wanaweza kusema ulifunga vibaya. Alafu kuna bima yenyewe, ambayo ni mkataba na kampuni ya bima iliyosajiliwa na TIRA (mamlaka ya serikali inayosimamia bima), unapewa hati ina namba, ina kiasi, ina vitu inavyolipia na visivyolipia. Kama hujapewa karatasi ya namna hiyo hujakata bima.

Hata kutangaza thamani kuna mipaka yake na watu wa vito lazima muijue. Kule Marekani kampuni kama UPS na FedEx zimezoea kuhesabu dola 100 tu kama hukutangaza kitu. Ukitangaza, FedEx kwa miaka mingi imeviweka vito, kazi za sanaa na vitu vya kale kwenye kundi lenye ukomo wa dola 1,000, kwahiyo hata ukiandika 5,000 na wakapokea hela yako, ukomo ni ule ule. Posta ya Marekani yenyewe ina barua za rejista ambazo ndani ya nchi yao unaweza kukatia bima hadi dola 50,000, kila anayeipokea njiani anasaini, inachelewa lakini inafika. Masonara wa kule wanaipenda sana na wana sababu. Mwaka 1958 sonara Harry Winston wa New York alipoitoa almasi ya Hope kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, aliituma kwa posta, rejista, imefungwa kwenye karatasi ya kahawia. Alilipa dola 145.29 na katika hizo stempu zilikuwa dola 2.44 tu, zilizobaki zote ni bima ya dola milioni moja. Nimewasimulia wateja wengi habari hii kwasababu inaonyesha vizuri hela inapokwenda, kubeba mzigo ni rahisi, kinachouzwa ghali ni mtu kukubali kwamba ukipotea atakulipa.

Kwa upande wetu, ukitumia Posta pale Mnara wa Saa, usiweke pete kwenye barua ya kawaida hata kama mteja anakusihi upunguze gharama. Taratibu za posta za kimataifa zinakataza kutia vito, dhahabu au noti ndani ya barua isiyokatiwa bima, na kikipotea huna pa kuanzia. Uliza EMS, ile huduma ya haraka ya posta, uliza nchi inakokwenda inapokea vifurushi vyenye bima na mwisho ni kiasi gani, na jibu uliloambiwa waombe wakuonyeshe kwenye karatasi.

Halafu mwanangu hujaniambia kama ulipitia Tume ya Madini. Nakuuliza kwa upendo kabisa. Kutoa vito nje ya nchi kunataka kibali, jiwe linathaminiwa kwanza, mrabaha (malipo ya serikali kwa madini) unalipwa, ndipo linafungwa na kusafiri na makaratasi yake. Hata ukiwa na bima nzuri ya namna gani, mzigo uliotoka bila kibali bima haiulipii, na ukienda kudai unakuwa umejishtaki mwenyewe. Ila ukiwa na kibali faida yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana ile thamani iliyowekwa na mthamini wa serikali ndiyo ushahidi wako wa bei siku ya kudai, hakuna wa kukubishia kwamba hicho kilikuwa kioo cha bluu.

Kwa pete iliyopotea: waandikie barua, siyo simu, omba nakala ya fomu uliyosaini uone sehemu ya thamani iliandikwa nini. Kama uliandika 1,400 na ukalipishwa nyongeza, hiyo dola 11 ikatae. Kama sehemu ile iko wazi, au imeandikwa kwa forodha tu (nyingi zina sehemu mbili, thamani ya forodha na thamani unayomtangazia msafirishaji, watu wanajaza ya kwanza wanadhani wamemaliza), utapata shida. Muda wa kwenda mahakamani chini ya Montreal ni miaka 2, usiuache upite ukisubiri majibu ya simu.

Kwa zijazo, kwavile unatuma mara kwa mara, nenda kwa dalali wa bima aliyesajiliwa uulizie bima ya mizigo safarini ya mwaka mzima. Kila pete inayotoka unaitaarifu na inaingia humo. Inakuja rahisi kuliko kulipia moja moja.

Anti habari. Nilimtumia mdogo wangu laptopu Dar kwa basi kutoka stendi ya Moshi, nimeinunua 1,850,000. Imefika skrini imepasuka na kona imebonyea. Ofisi wanasema risiti imeandikwa "mzigo unasafiri kwa dhamana ya mwenye mzigo" kwahiyo hawahusiki. Niliifunga vizuri kwenye begi lake. — Kijana wa Pasua, Moshi

Nzuri kijana wangu, pole na hasara.

Nianze na begi, maana hapo ndipo sikubaliani na wewe. Begi la laptopu limetengenezwa kwa ajili ya bega la mtu anayejua kabeba nini. Kwenye buti la basi, kuanzia Moshi hadi Dar, juu yake kuna gunia la vitunguu, kuna ndoo ya parachichi, na konda Korogwe anatafuta mzigo wa abiria mwingine anausukuma wa kwako kwa mguu. Kitu cha skrini kinataka maboksi mawili. La ndani kinakaa chenyewe kimezungushiwa ile plastiki ya vipovu au hata vipande vya godoro, la nje linakuwa kubwa zaidi na pande zote sita kunajazwa kama sentimita tano za kitu kinachonesanesa, magazeti yaliyofinyangwa yanafaa tu kama umeyakaza. Ukishafunga litikise. Ukisikia kitu kinatembea fungua uanze upya. Selotepu ipite katikati ya mfuniko na kwenye kingo zote mbili juu na chini, siyo msalaba mmoja pale kati. Na usitumie boksi lenye picha ya laptopu, unamtangazia kila mwenye vidole.

Hili nimelilipia mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini nilifunga lenzi ya kamera ya mteja kwenye boksi moja tu, tena boksi zuri gumu, nikaamini ugumu wake. Lilifika bila hata mkwaruzo nje na lenzi ndani imepasuka, maana boksi gumu lisilo na kitu laini ndani linapeleka kishindo chote moja kwa moja kwenye kioo. Aliyelipa ni mimi, mshahara wa miezi miwili, na yule baba alikuwa mpole kuliko nilivyostahili.

Sasa hao wa basi. Kuandika tu "dhamana ya mwenye mzigo" hakumfungi mtu kila mlango, mtu akipokea mzigo na hela ana wajibu wa kuuangalia, ila tatizo lako ni ushahidi, risiti yako imeandikwa nini? Wengi wanaandikiwa "mzigo 1, shs 10,000", hakuna laptopu, hakuna thamani, hakuna namba ya mashine. Ukifika kwa hakimu na hiyo karatasi, mzigo mmoja unaweza kuwa hata ndizi. Siku nyingine mwambie karani aandike "laptopu 1, thamani 1,850,000, imekaguliwa inafanya kazi". Akikataa kuandika amekuambia jambo la maana sana kuhusu kampuni yake, chukua mzigo wako uondoke. Piga picha ikiwa imewashwa, piga picha ikiwa inafungwa, andika namba ya mashine pembeni.

Na uulize kama wana leseni. Kubeba vifurushi na vipeto vya watu ni biashara inayotaka leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano, ndiyo inasimamia posta na vifurushi), siyo leseni ya kubeba abiria peke yake. Aliye na leseni unaanza kwake kwa maandishi, asipokujibu vya kuridhisha unapeleka malalamiko TCRA kwenyewe. Pia mahakama ya mwanzo inasikiliza madai ya kiasi kama chako na huhitaji wakili, nenda na picha, risiti ya dukani na mtu aliyekuona unafunga.

Ukienda kwa watu wa bima kwa mizigo ya barabarani uliza kipengele kimoja tu kabla ya bei: ni A au C? Masharti mengi ya bima ya mizigo yanafuata mtindo wa Kiingereza wenye daraja A, B na C. A inalipia karibu kila ajali isipokuwa ile waliyoitaja kwamba hailipwi. C inalipia majanga makubwa kama moto, gari kupinduka au kugongana, na wizi haumo. Watu wananunua C kwasababu ya bei alafu boksi linaibiwa kwenye mzani wanaambiwa basi halikupinduka.

Dada, mteja wangu yuko Marekani ananiomba kwenye fomu niandike "zawadi, dola 20" wakati vikapu na shanga nimemuuzia dola 310, eti asilipe ushuru. Nifanyeje? — Mama Shanga, Njiro

Usiandike dada yangu. Namuelewa mteja wako, zamani kifurushi kisichozidi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru, ule msamaha umeondolewa tangu tarehe 29 Agosti 2025, kwahiyo wanunuzi wadogo wameshtuka kweli kweli. Lakini karatasi ile ina sahihi yako wewe siyo yake. Ukiandika dola 20 umetoa tamko la uongo kwa forodha, na mzigo ukipotea hakuna atakayekulipa 310, watachukua fomu yako wakuonyeshe mwandiko wako mwenyewe. Huwezi kuwa na thamani moja ya ushuru na nyingine ya fidia.

Na kuandika kubwa kuliko bei halisi nako hakukusaidii kitu, bima inarudisha ulichopoteza, haitoi faida. Wafanyabiashara waliozoea wanakatia bei ya mzigo na usafiri, alafu wanaongeza asilimia 10 ya usumbufu, hiyo inakubalika. Mwambie mteja mapema ushuru ni wake, umuandikie kabla hajalipa. Atakayekimbia kwa hilo muache.

Kaka yangu kanitumia simu kutoka Uingereza, imefika boksi limekatwa na kubandikwa selotepu nyingine. Nilisaini nikaichukua, nimefika nyumbani ndani kuna chaja tu. Nimechelewa? — Msomaji, Sakina

Bado hujachelewa ila kimbia. Mlalamiko wa mzigo wa ndege ulioharibika au kupungua lazima uwasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu upokee, ukisaini bila neno inachukuliwa kwamba umeupokea mzima hadi uthibitishe vinginevyo. Usitupe boksi! Hata ile selotepu usiibandue, ina hadithi yake, inaonyesha ilikatwa wapi. Uzito ndiyo rafiki yako mkubwa, kwenye karatasi ya Uingereza kuna uzito waliopima siku ya kutuma, omba mzigo upimwe tena ofisini kama ulivyo, tofauti ya gramu mia mbili ni simu yako. Kaka naye atume madai kule kwasababu mkataba wa usafirishaji ni wake, yeye ndiye aliyelipa, na akupe namba ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ukaripoti polisi.

Siku nyingine ukiona boksi limechezewa, kabla ya kalamu kugusa karatasi andika pembeni ya sahihi "boksi limefunguliwa, halijakaguliwa". Anayeleta mzigo atakuharakisha, mwache aharakishe.

(Kama ndani kulikuwa na pawa benki, inawezekana iliondolewa kihalali, betri za litiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kwenye ndege za abiria kama shehena. Simu yenye betri ndani inaruhusiwa, hiyo siyo sababu.)

Shikamoo. Mama yangu amefariki ameacha mkufu wa dhahabu aliopewa na mama yake siku ya harusi, ameagiza apewe mjukuu wake aliye London. Nataka kuukatia bima kubwa kabisa niutume. Sonara kasema kwa uzito ni kama milioni mbili na nusu lakini kwetu hauna bei. Niandike ngapi? — Mama wa Rau, Moshi

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Mungu amlaze mama mahali pema.

Utaandika milioni mbili na nusu, na karatasi ya sonara yenye uzito, karati na picha utaiambatanisha, kwasababu hicho ndicho bima inaweza kulipa. Wanalipa bei ya sokoni. Ukiandika milioni ishirini utalipia ada ya ishirini na siku ya siku utapewa mbili na nusu. Ndiyo maana kwa mkufu huu nakushauri kitu ambacho nisingemshauri sonara wangu wa hapo juu: usiutume kabisa. Boksi halimjui bibi yule.

Huyo mjukuu ni Mchaga, na Wachaga Krismasi tunajua mnarudi nyumbani, Desemba iko pale. Kama hawezi mwaka huu, lazima kuna mtu wenu wa ukoo atapita KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, baada ya Krismasi kurudi kule, muulizie kwenye kikundi cha familia. Atakayeubeba auvae au auweke kwenye begi la mkononi, asiuweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege, na atembee na ile karatasi ya sonara pamoja na barua yako fupi inayoeleza kwamba ni urithi, forodha wakimuuliza awe na cha kuonyesha. Ila kama afya na safari vinaruhusu, msubirini aje mwenyewe. Mumvalishe pale pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwenye kaburi la bibi yake.